Uzi Pembeni mwa Kadi

14 Januari

Mjukuu wangu,

Salamu utazikuta chini, ukifika huko salama. Kwanza nijibu: wewe ni mwalimu wa nini? Kila anayetoka huko anakuja kunisifia, mjukuu wako anapewa watoto walioshindwa kusoma, anacheza nao michezo, baada ya miezi wanasoma. Hongera. Na huyu wako uliyemwacha kwangu mwaka wa pili sasa, eti mpaka upate nyumba, nani acheze naye? Mimi? Mimi nina sare sitini za kumalizia na wazazi wamejaa mlangoni kama nimewaibia.

Jana Chiriku karudi na karatasi ya shule. Nimempa fundi viatu anisomee, maana miwani yangu imevunjika. Karatasi inasema mtoto yuko darasa la tatu na hawezi kusoma ukurasa mmoja. Mwisho wa Juni, kabla ya kufunga, atasimama mbele ya mwalimu mkuu apewe ukurasa. Akishindwa anarudishwa darasa la kwanza. La kwanza! Mtoto wa miaka tisa, miguu mirefu kama ngazi, akae na watoto ambao bado wanafungwa vifungo na mama zao? Dawati litamfika magotini na magoti yatamfika masikioni.

Unajua kwa nini tunamwita Chiriku. Akifungua macho amefungua na mdomo. Mtaa mzima anaujua, nani kagombana na nani, kwa nini, na nani alianza. Lakini mwekee ukurasa mbele, mdomo unafungwa kama duka la mtu aliyehama. Nilimwambia, soma. Akaanza ki, ki, ki, kama cherehani iliyokaukiwa mafuta. Nikamgombeza. Akalia. Nikamgombeza kwa kulia.

Usinipigie simu. Kwenye simu kila nikikubana unasema, "Bibi, mtandao unakatika." Barua haikatiki.

Haya, salamu. Hujambo? Sisi wazima. Paa linavuja palepale. Shangazi yako kapata mjukuu mwingine, ana kichwa kikubwa kama watu wa upande wa mumewe. Fundi viatu, jirani yangu hapa kibarazani, anakusalimu. Ndiye anayeandika. Ameniomba nipunguze ukali, nimemwambia yeye ashone viatu, maneno aniachie mimi.

Lete jibu. Pole sitaki.

Bibi yako


2 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Barua imefika na nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nilihisi uko mlangoni. Mimi sijambo, kikohozi kimeondoka. Chumba ni kilekile kimoja, ila mwenye nyumba amenipa rafu, kwa hiyo vitabu vimetoka kitandani na mimi nimerudi kulala katikati. Mpe Shangazi hongera, na kichwa cha mtoto usikitaje mbele ya mumewe.

Kunigombeza una haki. Sitajitetea. Nitakuambia tu ninachokijua.

Mtoto anayesoma ki, ki, ki hajapungukiwa akili. Kila neno kwake ni mgeni. Anampekua herufi moja moja, na akifika mwisho wa mstari amesahau aliyempekua mwanzoni. Tunachotaka ni azoeane na maneno mpaka ayatambue kwa kuyaona tu. Wewe ukitia mkono kwenye kopo la vifungo unatoa cha shati la shule papo hapo. Huhesabu matundu. Umekutana nacho mara elfu. Naye akutane na neno mara nyingi namna hiyo, na mtoto hakubali kukutana na kitu mara nyingi isipokuwa awe anacheza.

Kwenye bahasha kuna kadi arobaini, maneno ishirini, kila neno mara mbili. Zilazeni kifudifudi sakafuni. Kila mtu kwa zamu anafunua mbili na kuzisoma kwa sauti. Zikifanana anazichukua, zisipofanana anazifunika tena. Akikwama, hesabu mpaka tatu kabla ya kumsaidia. Mara nyingi neno linamjia kwenye mbili. Nakuomba Bibi, mchezo ukiendelea usimgombeze. Na mara moja moja mwache ashinde.

Aprili sitaweza kuja, tuna semina. Mwambie tu kwamba mama yake, umri kama wake, alikuwa wa kwanza darasani. Huwa namwambia hivyo ili apate moyo.

Mjukuu wako


22 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Huku mvua imeanza, na sikutajii mvua kwa kukosa la kusema. Ndiyo iliyokula kadi zako. Chiriku aliziacha chini ya pale panapovuja, asubuhi zimekuwa tope. Nimemgombeza, lakini mchezo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo usinihesabie.

Sikusikitika sana. Nimekusomesha kwa cherehani hii mpaka mguu ukavimba, halafu unanitumia karata? Na maneno yenyewe! Paka. Mpira. Tembo. Nyumbani hatuna paka. Na tembo atamfaa nini mtu?

Ila sisemi uongo. Siku nne tulizocheza, mtoto alikaa chini saa nzima bila kulazimishwa, na akakubali kufungua mdomo mbele ya maandishi. Kwa hiyo nimetengeneza zangu. Zile kadibodi zinazokaa ndani ya mashati mapya, nimekata themanini. Fundi viatu kaziandika kwa kalamu yake nene, maneno ya kazi yangu: sindano, mkasi, kola, pindo, mshono, kifungo, suruali, mpaka yakafika arobaini. Hayo anayasikia kutwa. Nyuma nimegandisha bitana nyeusi ili zote zifanane zikilala. Mbele, pembeni, nimetia kila jozi mshono mdogo wa uzi, kila jozi na rangi yake, zipendeze. Kabati langu lina rangi za uzi kuliko maua, zingekaa kufanya nini?

Umesema nimwache ashinde. Mimi sijawahi kumwachia mtu ashinde, hata babu yako, na babu yako nilimpenda.

Lile la wewe kuwa wa kwanza darasani nimemwambia. Nilipomaliza nikakohoa. Fundi viatu akaniuliza kama nimepaliwa.

Bibi yako


12 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimecheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza nini kimetokea. Habari za hapa ni nzuri. Nina watoto kumi na mmoja sasa, na yule aliyekuwa akijificha chini ya meza kila nikitoa kitabu sasa anajificha nacho.

Kutumia maneno ya kazi yako ni akili kuliko yangu. Tembo nimemwondoa hata hapa.

Mkichoka na kadi, chora miraba kwa chaki kibarazani, kila mraba na neno lake. Unataja neno, yeye anarusha kifungo kitue pale. Kisha mnabadilishana, yeye anataja, wewe unarusha.

Na kuna jambo moja nataka kujua. Maneno hayo Chiriku anayatambua nje ya kadi? Mwandikie "mshono" kwenye karatasi yoyote umwonyeshe. Nijibu hilo, tafadhali.

Mjukuu wako


1 Aprili

Mjukuu wangu,

Marahaba. Keti kwanza.

Arobaini! Chiriku anajua maneno yote arobaini, hata hajakohoa. Unafunua kadi, kabla haijatulia amesema, "Mkasi!" "Pindo!" "Bitana!" Wateja wanakuja kuchukua nguo wanakaa kutazama. Mama mmoja alileta suruali ipunguzwe kiuno, akacheza raundi tatu, akafungwa zote, akaondoka ameisahau suruali. Mimi mwenyewe nimekuwa moto. Miwani bado haijatengenezwa na wala siihitaji. Jana nimemfunga jozi ishirini na mbili kwa kumi na nane, akanuna, nikamwambia kununa hakuongezi kadi.

Chaki sitaki, inachafua nguo za watu. Na mambo ya karatasi yoyote ni ya nini? Kadi zipo.

Mtoto amevimba kichwa kidogo, anatembea shuleni kama yeye ndiye anayepiga kengele. Mwache. Miezi yote alikuwa anatembea pembeni mwa ukuta.

Watu wa semina wasalimie. Waambie kuna mshona sare anaweza kuja kuwafundisha, akipata nafasi.

Bibi yako, mshindi


20 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima na paa limepatiwa fundi. Hongera kwa ushindi. Nimewasomea wenzangu barua yako na wameomba nakala.

Lakini swali langu umeliruka. Anayatambua nje ya kadi? Najua unachukia kuulizwa mara mbili. Nauliza mara ya pili.

Mjukuu wako


9 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hujajibu. Wewe hukai wiki tatu bila kunigombeza. Kuna mtu anaumwa? Mwambie fundi viatu aandike hata mstari mmoja.

Mjukuu wako


16 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hakuna anayeumwa. Mjukuu wa Shangazi kaota jino. Sasa nyamaza usikilize, nitasema mara moja.

Siku tatu baada ya barua yangu ya mwisho, mwalimu wa darasa wa Chiriku alikuja kupandisha pindo la gauni. Mdomo wangu ukaniwasha. Nikasema, "Mwalimu, yule uliyesema hajui kusoma, mpime." Nikamwita mtoto. Akaja amejaa, mikono kiunoni. Mwalimu akachukua kipande cha karatasi yangu ya kukatia, akaandika neno, akamwekea mbele.

Chiriku akaitazama. Akatazama pembeni. Akaigeuza, akatazama nyuma. Kisha akamuuliza mwalimu, kwa adabu kabisa, "Uzi wake uko wapi?"

Mwalimu hakuelewa. Mimi nilielewa. Mtoto hakuwa anasoma neno. Alikuwa anasoma uzi. Mwekundu ni mkasi, wa bluu ni pindo, wa kijani kilichopauka ni bitana. Wiki sita nimemfundisha rangi ambazo alizijua tangu hajaota meno.

Na haikuishia hapo. Nikampokonya mwalimu ile karatasi nimwonyeshe mtoto kwamba neno ni rahisi. Nikaitazama. Nikajikuta na mimi natazama pembeni.

Hapa fundi viatu ameacha kuandika, ananitazama. Andika, baba, usinitolee macho.

Miwani haikuvunjika. Iko kwenye kopo la bobini, nzima, na haijawahi kunisaidia kitu. Shule nilikwenda miaka miwili, nikatolewa nikamlee mdogo wangu. Namba nazijua kwa sababu ya futi ya kupimia. Jina langu naliandika. Mengine nayapita kwa kuuliza, kwa kusema nina haraka, na kwa kusema miwani. Ule uzi niliutia nikasema ni urembo, na nilijidanganya hivyo hata mimi. Bila uzi ningejuaje kama mtoto amepatia au amekosa? Basi, sasa unajua. Pole sitaki, nilishakuambia Januari.

Mwalimu wa watu alisema ataleta gauni siku nyingine. Chiriku hakusema neno siku tatu. Hujui ukimya wa nyumba hii bila yule mtoto kusema, ni kama cherehani imeuzwa. Sasa anasema, lakini kadi hagusi. Anaziita kadi za uongo.

Imebaki wiki sita. Usinisifu, usinibembeleze. Niambie la kufanya.

Bibi yako


24 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sikupi pole. Nakupa kazi.

Kadi usizitupe. Mpe Chiriku mkasi mdogo akate nyuzi zote mwenyewe, moja moja. Kosa hili silo lako peke yako. Hapa nilikuwa na mtoto aliyejua "nyumba" vizuri sana, mpaka siku nilipoibadilisha kadi, nikagundua alikuwa anajua doa langu la chai. Mimi nina cheti ukutani, na doa lilinifunga miezi.

Baada ya kukata, anzeni na maneno kumi tu. Na kila neno liandikwe na mikono tofauti: fundi viatu, mteja, mwalimu, yeyote anayepita. Liwe kubwa, dogo, la kalamu, la chaki, bovu, zuri. Mtoto alione likiwa na sura zote mpaka asiwe na pa kushikilia ila neno lenyewe. Chaki itachafua nguo, Bibi. Zitafuliwa. Akishayajua kumi, yapangeni yawe maneno ya kusema: "Mkasi uko wapi?" "Kola imekwenda upande." Ukurasa ni hivyo hivyo, umerefushwa tu.

Jingine. Mpaka leo ulikuwa unacheza naye ukijua uzi, naye akijua uzi. Sasa hamjui wote wawili. Mkibishana, mwamuzi awe fundi viatu. Usimwambie Chiriku kwamba unamfundisha. Mwambie unataka kumfunga.

Mjukuu wako


7 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Paa limezibwa, hatimaye. Fundi aliyeziba ameacha kopo la lami mlangoni na kila mteja anakanyaga.

Nyuzi zimekatwa. Mtoto alizikata kwa hasira mwanzoni, halafu akaanza kuzipanga sakafuni kwa rangi, akacheka. Nikajua amerudi.

Nikamwambia wazi, "Chiriku, mimi na wewe tulikuwa tunasoma uzi. Mimi ni mkubwa, kwa hiyo aibu yangu ni kubwa. Sasa tuone nani ataacha kwanza." Akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi hujui?" Nikasema sijui. Akasema, "Hata 'uzi' wenyewe?" Nikasema usinichokoze.

Basi kibaraza kimekuwa ubao. Kila anayepita anaandika. Muuza mkaa anaandika kama anapigana, daktari wa zahanati anaandika minyoo, mwalimu wa darasa karudi na gauni lake na anaandika mpaka unatamani kulamba. Mtoto anarusha kifungo, tap, "Mfuko!" Mimi natajiwa neno hilohilo, narusha, kinatua kwenye "mkono", wananicheka. Mwamuzi fundi viatu ana upendeleo, hilo nalisema na yeye analiandika.

Juzi Chiriku amenifunga. Kumi na tatu kwa saba. Sikumwachia. Nilipigana. Nilikuwa na "kipimo" mkononi kabisa, nikasita, akahesabu, "Moja, mbili, tatu," kwa sauti ya madaha, akaninyang'anya. Nikaingia ndani nikashona mikono miwili upande mmoja wa shati. Hiyo ndiyo habari.

Sasa wewe. Semina ya Aprili ilikuwa ya siku ngapi? Nimehesabu, likizo zako nne zimepita. Mara semina, mara kikohozi, mara barabara. Unawakumbatia watoto kumi na mmoja wa watu. Wako unamtumia bahasha. Mimi nimekuambia la miwani. Usinipige chenga. Mbona huji?

Bibi yako


14 Juni

Bibi,

Shikamoo. Hapa kumetulia, mitihani imekwisha, mtoto wangu wa chini ya meza amesoma mbele ya wenzake. Nimenunua meza ndogo. Nimepata vyumba viwili pia, kuanzia Agosti.

Kumi na tatu kwa saba! Nimeibandika ukutani.

Fundi viatu, tafadhali, kuanzia hapa shusha sauti. Mtoto asisikie.

Bibi, wewe unajua. Sikuwa wa kwanza darasani. Nilirudishwa darasa la kwanza nikiwa na miaka minane. Magoti yangu yalifika masikioni kweli, na ulipoandika vile Januari nikafikiri umekusudia. Siku ile ulinigombeza njia nzima kutoka shuleni, watu wakatoka milangoni kutazama, na sijasahau hata nyumba moja. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka kumi na moja, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa na mchezo wa kadi. Ndiyo sababu nafanya kazi hii.

Likizo niliyokuja mara ya mwisho, Chiriku aliniletea kitabu. Akaanza ki, ki, ki. Nikamwambia naenda jikoni kuangalia maji. Hapakuwa na maji jikoni. Watoto wa watu nawasikiliza kutwa nzima bila shida. Wangu nikimsikiliza najisikia mimi, na njia ile, na milango ile. Kwa hiyo simsikilizi. Nilimdanganya nilikuwa wa kwanza ili asijue shida hii ameipata kwangu.

Usimwambie, Bibi. Akijua kabla ya kusimama mbele ya mwalimu mkuu tarehe ishirini na saba, atakata tamaa. Nitakuja Desemba.

Mjukuu wako


29 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Shangazi yako mzima, mtoto wao ameshaota jino la pili. Sasa shika meza yako mpya, maana barua yako imesomwa, na aliyeisoma siyo fundi viatu.

Fundi viatu alikwenda kununua ngozi, siku mbili. Barua ikafika tarehe ishirini na tano. Mimi na subira hatujuani. Nikamwambia Chiriku, soma wewe. Nilidhani utatuambia kikohozi na rafu. Nikaendelea kushona.

Akasoma. Polepole, kidole chini ya mstari, lakini hakusema ki, ki, ki. Kwenye "mitihani" alikwama, nikahesabu, akalipata kwenye mbili. Kwenye kumi na tatu kwa saba alinitazama, akairudia bila kuombwa. Kisha akafika pale, akasoma, "Fundi viatu, tafadhali, kuanzia hapa shusha sauti. Mtoto asisikie." Na mtoto, kwa adabu niliyomfunza mimi, akashusha sauti, akaendelea kusoma.

Ningemzuia. Ningemnyang'anya. Mjukuu wangu, sikuweza, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza nilimsikia anasoma kitu ambacho hakuna mtu amemfundisha. Mguu wangu ulisimama juu ya cherehani, uzi ukakatika wenyewe.

Akafika mwisho. Akarudi juu, kwenye miaka minane, akasoma tena, safari hii haraka. Akasema, "Kumbe Mama na yeye!" Nikasubiri alie. Akacheka, akacheka mpaka kwikwi ikamshika, nikamletea maji. Kisha akaniuliza, "Sasa aliogopa nini? Si alijifunza?" Nikamwambia anywe maji amalize.

Tarehe ishirini na saba alikwenda kwa mwalimu mkuu anaongea njia nzima. Nilimsindikiza, nikasimama dirishani, mlinzi akanifukuza, nikasimama dirisha la pili. Akapewa ukurasa. Mistari kumi na sita. Kwenye mstari wa tisa akakwama, mwalimu mkuu akafungua mdomo kumsaidia. Mtoto akainua kidole, akamwambia, "Bado. Unatakiwa kuhesabu mpaka tatu." Mwalimu mkuu wa watu, na tai yake, akahesabu. Mtoto akalipata kwenye mbili. Akakwama tena mstari wa kumi na nne, akahesabiwa mpaka tatu, hakulipata, akasaidiwa. Mengine yote yake. Anabaki darasa lake. Mwalimu wa darasa alilia, na mwanamke yule bado hajachukua gauni.

Limebaki moja, na fundi viatu amerudi, kwa hiyo litaandikwa sawasawa. Ile njia. Umesema hujasahau hata nyumba moja. Mimi pia. Siku ile nilipewa karatasi mbele ya walimu watatu, wakasema soma, utie sahihi. Sikuweza kuisoma. Nikatia sahihi kitu nisichokijua, nikakushika mkono, na kila nilichotaka kujiambia mimi nikakuambia wewe, kwa sauti, mbele ya milango yote. Mwenye makosa ndiye aliyekuwa anagomba. Nilipaswa kukuambia hili miaka ishirini iliyopita. Miwani ilikuwa imevunjika.

Nimefikia maneno thelathini na moja, bila uzi. Usilitangaze.

Sasa sikiliza. Desemba siitaki. Jumamosi ya pili ya Julai, saa nne asubuhi, uwe kibarazani kwangu. Usibebe zawadi. Beba kadi tupu mia moja na kalamu nene, hizi zetu zimekwisha. Utakaa kwenye kigoda changu. Chiriku atakusomea kitabu kizima, hata kikiwa cha tembo. Akikwama utahesabu mpaka tatu. Jikoni huendi, nitafunga mlango na ufunguo nitautia mfukoni. Akimaliza utamwambia kwa mdomo wako yale uliyotaka fundi viatu ayashushie sauti, ijapokuwa anayajua. Agosti utamchukua akakae vyumba viwili, na mimi nitanuna, na nyinyi mtaniandikia, na herufi ziwe kubwa.

Halafu mtakaa chini mcheze. Usithubutu kumwachia ashinde.

Bibi yako